Tanbihi ya Arobaini na Saba

Wanafunzi wake walimpa jina la Tanbihi, na jina likamganda hata wauza magazeti wakawa wanamwamkia kwalo. Chanzo ni mdomo wake. Ukimwuliza saa ngapi, atakujibu saa nne, kisha ataongeza kwamba saa yake huchelewa dakika mbili, kisha ataeleza ilianza lini kuchelewa na fundi gani aliiharibu. Hakuna jambo alilolisema likakosa nyongeza chini yake. Kwa hiyo mkewe alikuwa na haki ya kushangaa alasiri ile, binti yao alipotua bahasha mbili mezani na kusema, "Wameniita Alhamisi," na Tanbihi asiongeze neno.

"Nani wamekuita?" mama aliuliza. Alikuwa kwenye cherehani yake karibu na dirisha, na rundo la sketi za shule magotini.

"Bodi ya shule. Wazazi wamelalamika. Wanasema nimewapotosha watoto."

"Watoto hawa hawa ninaowapima viuno kila Januari? Wana nafasi gani iliyobaki ya kupotoshwa?"

Binti alivuta kigoda cha wateja, akaketi. Alikuwa mwalimu wa fasihi kwa mwaka wa nne sasa, na alirithi kazi ya baba yake pamoja na meza yake ya kusahihishia. Akamweleza mama yake taratibu, kama anayeeleza darasa la kwanza, maana mama hakuwahi kukisoma kitabu chenyewe.

Ilikuwa hivi. Katika tanzia ile ya kale wanayosoma wanafunzi wa kidato cha mwisho, baba mmoja ni mlinzi wa lango la mji. Ameapa halifungui mpaka alfajiri, hata aje nani. Usiku mtoto wake mwenyewe anabisha kutoka nje, naye anashika kiapo. Kukicha anafungua, anamkuta mtoto amekufa kwa baridi. Mama anakuja, anasimama juu ya maiti, na katika toleo la shule anasema mistari kumi na moja ambayo kila mwanafunzi anaijua kwa moyo.

"Sasa mwaka jana niliona nakala nyingine, ya kale kuliko zote, kwenye maktaba ya chuo," binti alisema. "Mle ndani mama hasemi kitu. Anavua mtandio, anamfunika mtoto, anaondoka. Basi. Nikawaambia wanafunzi wangu. Kwenye mtihani wa majaribio wakaulizwa wanukuu maneno ya mama. Ishirini na wawili wakaandika kwamba mama hakusema neno. Wote wamepata sifuri."

"Na wewe ndiye umewaponza."

"Ndivyo wanavyosema. Kwamba nimelikana toleo lililoidhinishwa. Wengine wanasema namdhalilisha baba yangu mzazi, kwa kuwa maelezo ya toleo ni yake. Wakinikuta na hatia, nafutwa kazi."

Mama alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja, akamgeukia mumewe. "Lakini mwenye kitabu si huyu hapa? Mwalimu, si uende ukaseme?"

"Bahasha ya pili ni yake," binti alisema. "Wanamwomba athibitishe kwamba mistari ni ya asili."

Tanbihi aliifungua kwa kisu cha mkate, pole pole, asipasue hata pembe. Barua ilikuwa fupi na ya heshima. Ilimwita mtaalamu wetu. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akasema anakwenda kunawa.

*

Miezi miwili nyuma, binti alikuja na swali hilo hilo. Alimkuta baba yake uani akimwagilia miche ya nyanya, akamwuliza kwa adabu zote, "Baba, ile nakala uliyotumia wewe, ukurasa wa mwisho ulikuwepo?" Naye, bila kuinua macho kwenye kopo la maji, akamjibu kwamba nakala za kale ni nyingi, na kwamba aliyoiona binti ndiyo yenye kasoro. Akaongeza na maelezo ya robo saa kuhusu wanakili wavivu wa zamani. Binti alishukuru, akaondoka. Hakuridhika. Hata hivyo alipoandikiwa barua ya kujieleza, hakumtaja baba yake hata mara moja. Alisema tu kwamba alisoma nakala mbili na zimetofautiana.

Hilo la kutotajwa ndilo lililomtafuna Tanbihi. Angetukanwa angejua pa kushika.

Ukweli ni kwamba nakala aliyopewa na wachapishaji, miaka ishirini na mmoja iliyopita, karatasi yake ya mwisho ilikuwa imeliwa na mchwa. Ilibaki pembe moja yenye neno "mama". Mistari kumi na moja aliiandika yeye. Akaiwekea tanbihi, ya arobaini na saba, kusema kwamba ukurasa haukupatikana na kwamba maneno haya ni ya mhariri. Alifanya kazi yake kama inavyotakiwa. Kisha karatasi za kusahihishia zikaja kutoka kiwandani, na pamoja nazo kijibarua cha msimamizi wa uchapishaji: "Mwalimu, mistari ya mwisho imeniliza. Wazee wetu walijua kuandika." Tanbihi akakaa na kijibarua kile siku nzima. Jioni akachukua kalamu nyekundu, akaikata tanbihi ya arobaini na saba. Kwa aibu au kwa haraka, hakurekebisha namba zilizofuata. Mpaka leo, katika kila nakala iliyo mikononi mwa watoto, maelezo yanatoka arobaini na sita yanaruka arobaini na nane. Walimu huwaambia wanafunzi ni kosa la kiwanda.

Kijibarua kilimpa kichwa, ni kweli, lakini si kilichomfanya aikate. Aliikata kwa sababu mtu akijua mistari si ya kale, swali linalofuata ni: umeipata wapi? Na hata ile tanbihi yenyewe ilikuwa na uongo ndani yake. Maneno hayakuwa ya mhariri. Yalikuwa ya mkewe.

*

Jumatano mama alimwambia mumewe, "Kesho nakwenda na nyinyi."

"Kule ni mambo ya vitabu tu, mama. Utachoka bure."

"Nitachoka na nini? Nitakaa. Mtoto wangu anataka kufukuzwa kazi, mimi nikae hapa natia pindo?" Alikata uzi kwa meno. "Halafu wewe una nini siku hizi mbili? Nimekuuliza chumvi imetosha, umenijibu imetosha. Basi! Imetosha tu, bila historia ya chumvi. Nikasema huyu anaumwa."

Ilikuwa nafasi, na Tanbihi aliiona. Alifungua kinywa. Kisha macho yakamwangukia kwenye rafu, pale kilipokaa kile kitabu miaka yote. Mkewe alikuwa akikifuta vumbi kila Jumamosi bila kukitazama jalada, kama mtu anayempangusa mgeni asiyempenda. Hakuwahi kukifungua. Kitabu kile kilipokuwa kinaandikwa ndipo mdogo wake binti, mtoto wa miaka minne, alipofariki hospitalini kwa homa ya siku mbili. Baba yake alikuwa kwa wachapishaji, anamalizia maelezo ya onyesho la tatu. Ujumbe ulimfika saa mbili asubuhi kwamba mtoto amezidiwa. Akasema, "Namaliza ukurasa huu." Alifika wodini saa sita.

"Chumvi ilitosha," alisema Tanbihi, akatoka nje kutazama nyanya.

*

Walikutana kwenye ofisi ya walimu, baada ya wanafunzi kuondoka. Mezani vikombe vya michezo vilisogezwa pembeni ili kupisha jagi la maji. Mkuu wa shule, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, alisimama walipoingia.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Huyu ndiye aliyenifundisha kitabu hiki," aliwaambia wengine. "Kama nilipasi, ni yeye." Walikuwepo wazazi wawili, baba mmoja mwenye kitambulisho cha kazini kilichoning'inia shingoni na mama mmoja aliyekuwa akijipepea kwa bahasha, pamoja na mwenyekiti wa bodi, mzee mwenye duka la mabati. Binti alipewa kiti peke yake, upande wa pili wa meza, karibu na ubao wa ratiba. Mama aliambiwa kwa heshima kwamba kikao si cha familia. Akajibu kwa heshima hiyo hiyo kwamba yeye ni mshonaji wa sare za shule hii na amekuja kuona mashati yanavyovaliwa. Akaketi kwenye benchi la nyuma, futi ya kupimia bado iko shingoni.

"Tusipoteze muda," mwenyekiti alisema. "Binti yetu hapa ni mwalimu mzuri, hatukatai. Lakini watoto ishirini na wawili wana sifuri. Mwalimu mkubwa, sisi tunachotaka kwako ni neno moja tu. Mistari hii ni ya kitabu au si ya kitabu?"

Tanbihi alikuwa na karatasi mfukoni. Aliiandika mara nne. Ilisema kwamba matoleo hutofautiana, na kwamba vijana wasiadhibiwe kwa tofauti za kitaalamu, wala mwalimu wao. Ilikuwa karatasi ya mtu anayetaka kuvuka mto bila kulowa.

"Nakala za kale ni nyingi," alianza.

"Ngoja," mwenyekiti alisema, akavaa miwani. "Kabla hujasema. Wapo humu wasioijua mistari yenyewe. Kwa mfano mama yetu kule nyuma. Haki ni asikie tunachogombania."

"Si lazima kusoma," Tanbihi alisema haraka. "Sote tunaijua. Tuendelee."

"Haichukui hata dakika. Mimi, Mwalimu, shule niliishia njiani, lakini mistari hii ninayo hapa." Alijigonga kifua. "Dada yangu alipofariki mimi ndiye niliisoma kaburini. Watu walilia mpaka wachimba kaburi." Akafungua kitabu, ingawa hakukitazama, akasoma kwa sauti ya mtu anayekiheshimu anachokisoma:

"Mbona miguu yako baridi, nami nilikuvika blanketi?
Maziwa yako nimeyapoza. Amka unywe, yasichache.
Makubadhi nilikununulia makubwa,
nikasema, mguu utakua, utayajaza.
Leo nimpe nani makubadhi ya mguu usiokua?"

Tanbihi hakugeuka. Alitazama jagi. Lakini mtu akikaa na mke miaka thelathini na minne, hahitaji kumtazama ili amwone. Alisikia benchi likilia. Alisikia futi ya kupimia ikivuliwa shingoni, ikikunjwa, duara baada ya duara, kama anavyoikunja kila jioni akifunga kazi. Mwenyekiti aliendelea mpaka mstari wa kumi na moja, "Lala basi. Mama yuko hapa," na sauti yake ikatetemeka mahali inapotetemeka ya kila mtu.

Mama alisimama. Hakusema neno. Alipita nyuma ya viti, akafungua mlango, akatoka, na mlango ukajifunga wenyewe nyuma yake.

"Ameguswa," mkuu wa shule alisema kwa huruma.

Binti alikuwa akiutazama mlango. Kisha akamgeukia baba yake, na Tanbihi akaona kwamba ameanza kuelewa, ila bado hajajua ameelewa nini.

Akaitoa ile karatasi mfukoni, akaiweka mezani, akaifunika kwa kiganja.

"Mistari hii niliiandika mimi," alisema.

"Maelezo yake, ndiyo," mwenyekiti alisema.

"Si maelezo. Mistari yenyewe. Ukurasa wa mwisho ulikuwa umeliwa na mchwa. Nakala aliyoiona binti yangu ndiyo ya kweli. Mama wa kwenye tanzia hasemi kitu. Wale watoto ishirini na wawili ndio peke yao waliojibu sawa."

Kwa mara ya kwanza maishani alisema jambo zito na hakuna aliyetaka nyongeza. Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akaivua.

"Kwa hiyo mimi," alisema taratibu, "dada yangu nilimzika kwa maneno yako wewe?"

"Samahani, mzee."

"Na mtoto wangu?" baba mwenye kitambulisho aliingilia. "Amekesha anakariri. Alikuwa anakariri uongo wako, na tukalipia?"

"Ndiyo."

"Miaka yote hii unaitwa mtaalamu!" mama mwenye bahasha alisema, akaacha kujipepea.

Mkuu wa shule alikuwa akipekua nakala yake ya zamani, ile ya ujana wake, yenye wino wa buluu pembezoni. Alifika kwenye ukurasa wa maelezo, akaweka kidole kwenye arobaini na sita, akakishusha mpaka arobaini na nane. "Nilikuuliza," alisema. "Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilinyoosha mkono darasani nikakuuliza mbona hakuna arobaini na saba. Ukaniambia nijifunze kusoma yaliyopo."

Hilo alikuwa amelisahau. Angependa kulisahau tena.

Kesi iliisha ndani ya dakika kumi. Malalamiko yalifutwa, mitihani itasahihishwa upya, na wizara itaandikiwa barua kuhusu toleo lile. Mwalimu kijana alionywa kwa mdomo awe anawahusisha wakubwa mapema. Hakuna aliyemwomba radhi. Watu walipoondoka walimpa Tanbihi mkono kwa vidole tu, isipokuwa mwenyekiti, ambaye hakumpa kabisa.

Nje, kwenye ngazi, binti alisimama. Alikuwa amekumbatia mafaili yake kwa mikono miwili.

"Nilikuuliza na mimi, Baba. Uani pale. Ungeniambia tu, ningejua la kufanya. Ningekuficha hata mimi mwenyewe."

"Ndiyo maana sikukwambia," Tanbihi alisema, na papo hapo akajua kuwa hata hilo si kweli. "Hapana. Niliogopa. Basi."

"Yale maneno ni ya Mama, siyo?"

Akatikisa kichwa kukubali. Binti alitangulia mbele, na hakumsubiri mpaka walipofika nyumbani.

*

Mama alikuwa amekaa kwenye cherehani. Hakuwa anashona. Kitabu kilikuwa mapajani mwake, kimefunguka mwishoni, na mikono yake ilikuwa juu ya kurasa kama anazuia upepo. Tanbihi alisimama mlangoni kwake mwenyewe kama mtu aliyekuja kupimwa suruali.

"Kaa," mama alisema. Akakaa kwenye kigoda cha wateja.

"Wodini siku ile walikuwepo wauguzi wawili," mama alisema. "Na wewe ulikuwa umesimama pale kwenye pazia, na kofia mkononi. Nikadhani husikii. Nikasema huyu kazimia macho wazi. Kumbe ulikuwa unaandika."

"Sikuwa naandika. Yaliniingia tu. Mwezi mmoja baadaye yakatoka."

"Ukayauza."

"Nilitaka yasipotee."

"Mwalimu!" alisema, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Miaka ishirini na mmoja watoto wa watu wanamlilia mwanangu. Mwenye mabati anamlilia mwanangu. Wanapewa na maksi. Mimi peke yangu ndiye sikupewa taarifa. Nimekaa hapa nawapima viuno, wao wanajua nilichomwambia mtoto wangu, mimi sijui kama wanajua."

Tanbihi alifunika uso. Alilia, na hakulia kwa heshima. Mkewe alimwacha alie mpaka akaishiwa, kama anavyomwacha mteja mbishi aseme mpaka mwisho kuhusu kola.

"Na umeharibu," alisema baadaye, akigonga ukurasa kwa ukucha. "Mimi nilisema soksi. Hapa umeweka blanketi."

"Zama zile za tanzia hapakuwa na soksi, ndiyo maana ikabidi—" Akaona jinsi anavyotazamwa, akanyamaza.

"Na vile viatu vilikuwa vya raba, vyekundu. Makubadhi mimi sijamnunulia mtu." Aliteremsha ukucha, mstari mmoja baada ya mwingine, akisoma kwa midomo. Alipofika chini alirudi juu, akahesabu. "Halafu umeacha mmoja."

"Najua."

"Useme."

"Mama, tafadhali."

"Wewe ndiye uliyesikia vizuri kuliko wote. Yote umeyakumbuka, hata maziwa. Na huo unaukumbuka." Alichukua kalamu ya kuchorea mifuko ya mashati, akampa, na kitabu akakiweka wazi juu ya meza ya cherehani. "Pale chini pana nafasi. Si kuna namba uliyoiacha? Andika."

Binti alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Hakuna aliyemwambia aondoke. Tanbihi aliinama. Namba ilitoka kama ya mtoto wa chekechea. Aliandika kwa muda mrefu. Kalamu ilikuwa ya kuandikia nguo na wino wake ukavuja upande wa pili wa karatasi. Alipomaliza alitaka kukifunga kitabu, mkewe akaweka mkono katikati.

"Mwanangu, njoo usome," alimwambia binti. "Nisikie kama kaandika yote. Huyu nishamjua."

Binti alikuja, akakishika kitabu, akasoma kwa sauti yake ya darasani:

"Arobaini na saba. Mistari hii si ya tanzia. Ni maneno ya mke wangu kwa mtoto wetu, siku ya kifo chake, nami niliyachukua bila kumwomba. Mstari wa mwisho niliuacha kwa sababu ulikuwa unanihusu mimi." Akatua. Alikuwa na miaka saba siku ile, aliachwa kwa jirani, na mstari uliofuata hakuwahi kuusikia. Alipoendelea, sauti ya darasani haikuwepo tena. "'Ulimwita baba mara tatu. Mara ya nne hukuita.'"

"Ndiyo yote?" mama aliuliza.

"Yote, Mama."

Mama akaivuta sketi kutoka kwenye rundo, akaitia chini ya sindano, akazungusha gurudumu.